Makumbusho ya Victoria and Albert: Historia ya Uongozi na Ukuaji Wake

Makumbusho ya Victoria and Albert yako South Kensington, magharibi mwa London, na ndiyo makumbusho ya taifa ya Uingereza ya sanaa na ubunifu. Hukusanya vitu vilivyotengenezwa vitumike na vipendeze pia: nguo, samani, vyombo vya udongo na vya kioo, vito, mazulia, sanamu, michoro, picha na vitabu. Yalianzishwa mwaka 1852. Kwa zaidi ya miaka 130 ya mwanzo hayakuwa na bodi iliyoyamiliki. Yalikuwa ofisi ya serikali kama ofisi nyingine, na mkurugenzi wake alikuwa mtumishi wa umma aliyewajibika kwa wakubwa wake wizarani. Hali hiyo iliyapa fedha na kasi ambayo makumbusho mengine ya wakati huo hayakuipata, na hali hiyohiyo iliyayumbisha kila serikali ilipobana matumizi. Anayetaka kuelewa yalivyokua hana budi kufuatilia vitu vilivyomo pamoja na watu waliokuwa na kauli juu yake.

Chanzo chake kilikuwa hofu ya kibiashara. Katika miaka ya 1830 viwanda vya Uingereza vilifuma na kuchapa vitambaa kwa wingi na kwa bei nafuu, lakini wanunuzi wenye fedha walipenda zaidi hariri, kaure na samani za Ufaransa. Mwaka 1835 Bunge liliunda kamati teule chini ya William Ewart ichunguze uhusiano wa sanaa na viwanda. Kamati iliona kwamba mafundi wa Uingereza hawakuwa na mahali pa kujifunza kuchora mapambo, wala pa kuona mifano mizuri ya kazi za zamani. Serikali ikafungua Shule ya Ubunifu mwaka 1837 katika jengo la Somerset House. Shule hiyo haikutulia: walimu waligombana kuhusu namna ya kufundisha, na wenye viwanda walilalamika kwamba wahitimu wake hawakuwafaa.

Mtu aliyeligeuza wazo la kuwaonyesha mafundi mifano mizuri kuwa makumbusho ni Henry Cole. Alikuwa karani wa serikali aliyejifunza kazi kwenye nyaraka za taifa, akashiriki kampeni ya posta ya peni moja iliyoanza mwaka 1840, na mwaka 1843 akachapisha kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa madukani. Kwa jina la bandia la Felix Summerly alibuni vyombo vya chai vilivyotengenezwa na kiwanda cha Minton na kupata tuzo ya Chama cha Sanaa. Kupitia chama hicho alifahamiana na Mwana Mfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, na wawili hao wakawa mhimili wa Maonyesho Makuu ya mwaka 1851. Yalifanyika Hyde Park, ndani ya jumba la chuma na vioo lililobuniwa na Joseph Paxton, kuanzia tarehe 1 Mei hadi katikati ya Oktoba, na kiingilio kililipwa zaidi ya mara milioni sita. Baada ya hesabu kufungwa ilibaki faida ya takriban pauni 186,000. Tume ya Kifalme iliyoyasimamia haikuvunjwa. Iliitumia faida hiyo, pamoja na mchango wa serikali, kununua mashamba na bustani kusini mwa Hyde Park, na hapo ndipo South Kensington ya makumbusho na vyuo ilipozaliwa. Tume hiyo ipo hadi leo.

Hazina ilitenga pauni 5,000 za kununua vitu kutoka kwenye Maonyesho yenyewe. Kamati ya uteuzi ilikuwa na Cole, mchoraji Richard Redgrave, Owen Jones aliyekuwa bingwa wa mapambo, na mbunifu wa majengo A. W. N. Pugin. Uteuzi wao uliwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya fedha ilitumika kwa kazi za nje, na kazi za India zilipewa heshima ya pekee, kwa sababu wanakamati waliona kwamba mfumaji na sonara wa India walijua kanuni ambayo viwanda vya Uingereza viliipoteza: pambo lifuate umbo la chombo na kazi yake, lisikifunike. Mei 1852 vitu hivyo viliwekwa katika Marlborough House, jumba la kifalme lililotolewa kwa msaada wa Albert, kwa jina la Makumbusho ya Viwanda. Chumba kimoja kilijazwa mifano ya ubunifu mbaya, kila kitu kikiwa na maelezo ya kosa lake: zulia lenye maua yaliyochorwa kana kwamba mtu atayakanyaga, taa ya gesi yenye umbo la ua. Watu walikiita chumba cha vitisho. Wenye viwanda waliotajwa humo walikasirika, na chumba kikafungwa baada ya muda mfupi.

Katika mwaka huo Cole alipewa pia shule za ubunifu, chini ya idara mpya ya Bodi ya Biashara, ambayo mwaka 1853 iliitwa Idara ya Sayansi na Sanaa. Uhusiano huu wa makumbusho na shule ndio msingi wa kila kilichofuata. Cole hakuwa mlinzi wa hazina ya mfalme. Alikuwa mkuu wa idara iliyokuwa na bajeti, wakaguzi, mitihani na mtandao wa shule za sanaa nchi nzima. Kitu kilichonunuliwa London kingeweza kufungwa kwenye sanduku na kupelekwa Birmingham au Glasgow wanafunzi wakakichora, na tangu miaka ya 1850 ndivyo ilivyofanyika. Idara ilipohamishiwa kwenye Kamati ya Elimu miaka michache baadaye, makumbusho yalikwenda nayo, na yakabaki upande wa elimu hadi karne ya 20 ilipokaribia kwisha.

Tarehe 22 Juni 1857 makumbusho yalifunguliwa mahali papya kwa jina la Makumbusho ya South Kensington. Jengo la kwanza lilikuwa banda la chuma lenye mapaa matatu ya mviringo, na watu wa London walilikejeli kwa kuliita Maboila ya Brompton. Sura yake haikumwumiza kichwa Cole kama lilivyomwumiza swali la nani angeingia. Siku tatu za juma kiingilio kilikuwa bure. Siku nyingine, zilizotengwa kwa wanafunzi, kililipwa peni sita. Taa za gesi zilifungwa ili milango ibaki wazi usiku, kwa kuwa fundi aliyetoka kazini jioni hakuwa na saa nyingine ya kuja. Kati ya mwaka 1857 na 1883 kulikuwa na ziara takriban milioni 15, na zaidi ya milioni 6 kati ya hizo zilikuwa za usiku. Palikuwa pia na chumba cha chakula, jambo ambalo makumbusho mengine hayakuwa nalo, na vyumba vya kulia vilivyofuata katika miaka ya 1860 vilipambwa na wasanii wa wakati huo. Kimojawapo kilipewa kampuni changa ya William Morris na wenzake; hadi leo watu hunywa chai ndani yake.

Ujenzi ulikabidhiwa wahandisi wa jeshi. Kapteni Francis Fowke alichora jumba la picha mwaka 1857, lililojengwa ili kupokea picha 233 za rangi ya mafuta zilizotolewa na John Sheepshanks, mtoto wa mwenye kiwanda cha nguo wa Leeds. Fowke akaendelea na kumbi za kaskazini hadi alipofariki mwaka 1865, na Henry Scott akachukua nafasi yake. Majengo yao ya matofali mekundu na udongo wa kuchoma yenyewe yalikuwa darasa, kwa kuwa wanafunzi wa shule ya sanaa walishiriki kuchora na kufinyanga mapambo. Sakafu kadhaa za vijiwe zilitengenezwa na wanawake wafungwa wa gereza la Woking. Kazi yao imekanyagwa na mamilioni ya wageni ambao hawakuambiwa habari zao, na inastahili kutajwa pamoja na majina ya wahandisi.

Mvutano mkubwa wa kwanza kuhusu madhumuni ya makumbusho ulikuwa kati ya Cole na John Charles Robinson, msimamizi wa mikusanyo tangu mwaka 1853. Cole alitaka mifano ya kufundishia. Robinson alitaka kazi bora kabisa, hasa za Italia ya karne ya 15 na 16. Robinson alisafiri kila mwaka katika nchi za Ulaya, akitumia misukosuko ya kisiasa iliyowalazimisha watawala na makanisa kuuza mali, na ununuzi wake, pamoja na mkusanyo wa Gigli-Campana wa mwaka 1861, ndio uliofanya sanamu za Italia zilizoko South Kensington ziwe kati ya zilizo bora zaidi nje ya nchi hiyo. Alishinda katika ununuzi akashindwa katika ofisi. Mwaka 1863 aliondolewa kwenye usimamizi na kubakizwa kama mshauri, na miaka michache baadaye hata ushauri ulikoma. Cheo cha mshauri wa ununuzi, hata hivyo, kilidumu. William Morris alikuwa mshauri wa namna hiyo, na ni kwa ushauri wake zulia la Ardabil, lililofumwa Iran katika karne ya 16, lilinunuliwa mwaka 1893 kwa pauni 2,000, sehemu yake ikiwa michango ya watu. Hivyo mtetezi wa wafanyakazi na adui wa viwanda alitumia kamati ya serikali kuliokoa zulia kwa ajili ya umma.

Mahali ambapo asili haikuweza kununuliwa, ilinakiliwa. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 Cole aliwashawishi wana wafalme 15 wa Ulaya watie sahihi mapatano ya kubadilishana nakala za kazi za sanaa. Mwaka 1873 zilifunguliwa kumbi mbili ndefu zilizojaa nakala za plasta: milango ya makanisa, makaburi, na Nguzo ya Trajan ya Roma, ambayo kwa urefu wake ilibidi igawanywe vipande viwili. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani baadaye yalizitupa nakala zao zilipopitwa na mitindo. London ilizihifadhi, na sasa baadhi yake zina alama ambazo asili yenyewe imezipoteza kwa mvua na moshi.

Mikusanyo mingine ilikuja kwa njia ya dola. Makumbusho ya Kampuni ya India ya Mashariki yalipovunjwa mwaka 1879, sehemu kubwa ya sanaa yake ilihamia South Kensington, ikiwemo mashine ya mbao ya simbamarara anayemrarua Mzungu, iliyochukuliwa kutoka kwenye jumba la Tipu Sultan baada ya kuuawa kwake mwaka 1799. Mwaka 1872 viliingia taji la dhahabu na kikombe cha ibada kutoka Ethiopia, vilivyotekwa na jeshi la Robert Napier kwenye ngome ya Maqdala mwaka 1868. William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge mwaka 1871 kwamba anasikitika vitu hivyo kuletwa Uingereza, na kwamba vitunzwe hadi vitakapoweza kurudishwa. Kauli hiyo imo katika kumbukumbu za Bunge, na vitu hivyo bado viko London. Kwa upande mwingine, kazi za Afrika kusini mwa Sahara hazikutafutwa kwa mpango wowote kwa zaidi ya karne moja. Mgawanyo wa kazi kati ya taasisi za London ulizihesabu kuwa vielelezo vya mila, vinavyofaa kwenda British Museum, si kuwa ubunifu. Hilo lilikuwa kosa la hukumu, na lilidumu kwa sababu liliandikwa katika mpangilio wa ofisi.

Cole alistaafu mwaka 1873. Chini ya Philip Cunliffe-Owen, aliyeongoza hadi 1893, mikusanyo iliendelea kufurika kwa wasia na zawadi, kama samani za Kifaransa za karne ya 18 zilizoachwa mwaka 1882 na John Jones, mshonaji wa sare za jeshi. Mpangilio ulilegea. Vitu vya sayansi, samaki, mashine na sanaa vilichanganyika, na majengo ya muda yalikuwa hatari kwa moto. Kamati ya Bunge ya mwaka 1897 na 1898 ilieleza kasoro hizo kwa maneno makali, ikalaumu uteuzi wa watumishi na usimamizi wa idara nzima. Idara ya Sayansi na Sanaa ikamezwa na Bodi ya Elimu.

Wakati huohuo fedha za jengo la kudumu zilipatikana. Tarehe 17 Mei 1899 Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi la jengo lililobuniwa na Aston Webb, na siku hiyo makumbusho yakapewa jina la Victoria and Albert. Edward VII alilifungua tarehe 26 Juni 1909. Sayansi ikatengwa mwaka huo iwe na makumbusho yake. Suala la namna ya kuvipanga vitu lilikuwa limeamuliwa mwaka mmoja kabla, na kamati ya Bodi ya Elimu: vitu vyote vigawanywe kwa malighafi. Idara ya mbao, ya madini, ya ufinyanzi, ya nguo, ya sanamu na majengo, ya michoro, na maktaba. Sababu ilikuwa ileile ya mwaka 1852. Seremala angekuta mbao zote pamoja na mfinyanzi angekuta vyungu vyote pamoja. Kwa mgeni wa kawaida matokeo yalikuwa magumu, kwani kiti cha mwaka 1700 kilikaa mbali na pazia, sahani na kinara vilivyokuwa nacho chumba kimoja. Kwa wataalamu ilikuwa neema. Kila idara ikalea wajuzi wake, ikaandika katalogi zake na kulinda mipaka yake, na ujuzi huo wa malighafi ndio uliolipa jina la makumbusho heshima duniani. Ubaya wake ni kwamba idara ziligeuka kuwa himaya ndogondogo, na wakurugenzi wengi waliofuata walitumia nguvu zao nyingi kupambana nazo.

Vita vya pili vya dunia viliwapa wakurugenzi nafasi. Vitu vilihamishwa, vingi vikaenda Montacute House huko Somerset na vingine kwenye handaki la treni la Aldwych, na mabomu yakaacha makovu kwenye ukuta wa upande wa barabara ya Exhibition Road ambayo hayakuzibwa kwa makusudi. Mwaka 1946, kumbi zikiwa bado tupu, Baraza la Ubunifu wa Viwanda lilifanya humo maonyesho ya bidhaa za amani yaliyotazamwa na watu wapatao milioni 1.4, wengi wao wakiona vitu ambavyo madukani havikuwepo. Leigh Ashton, mkurugenzi tangu 1945, hakuvirudisha vitu vilivyokuwa. Alichagua vilivyo bora kutoka idara zote akavipanga kwa zama na mahali katika kumbi kuu, na vilivyobaki akaviacha kwa malighafi katika kumbi za wanaojifunza. Mpango huo wa njia mbili bado unaonekana.

Udhaifu wa kuwa ofisi ya wizara ulidhihirika mwaka 1977. Serikali iliamuru wizara zipunguze watumishi, na makumbusho, yakiwa sehemu ya Wizara ya Elimu na Sayansi, yalipangiwa hisa yake. Roy Strong, mkurugenzi tangu 1974, aliamua kuifunga Idara ya Mzunguko, ile iliyopeleka maonyesho kwenye miji, shule na vyuo. Idara hiyo ndiyo pia ilikuwa hodari wa kununua kazi za wabunifu walio hai. Kwa hesabu za wizara zilikuwa nafasi za kazi zilizookolewa. Kwa taasisi iliyoundwa ili fundi wa Sheffield aone alichokiona fundi wa London, ulikuwa mguu uliokatwa, na miji ya mikoani ilipoteza kitu ambacho haikurudishiwa kwa namna ileile.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja na Sheria ya Urithi wa Taifa ya mwaka 1983. Kuanzia Aprili 1984 makumbusho yalitoka wizarani na kuwa chini ya Bodi ya Wadhamini yenye wajumbe kati ya 12 na 20 wanaoteuliwa na Waziri Mkuu, mwenyekiti wa kwanza akiwa Lord Carrington. Mikusanyo ilihamishiwa kwa Bodi. Sheria iliipa majukumu ya kutunza vitu, kuvionyesha, kuwawezesha wanaotaka kujifunza kuvifikia, na kukuza furaha na uelewa wa umma kuhusu sanaa, kazi za mikono na ubunifu. Wadhamini hawalipwi mshahara. Wao humteua mkurugenzi kwa idhini ya Waziri Mkuu, huidhinisha mipango na bajeti, na hufanya kazi nyingi kupitia kamati ndogo. Mkurugenzi huendesha shughuli za kila siku, na ndiye anayewajibika mbele ya Bunge kwa kila pauni ya ruzuku. Hesabu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa taifa. Serikali hubaki mfadhili mkubwa, lakini haichagui kitu cha kununuliwa wala maonyesho ya kufanywa.

Uhuru huo ulikuja na njaa. Ruzuku haikutosha kulipia mapaa yaliyovuja, na Bodi ikageukia mlango. Mwaka 1985 wageni walianza kuombwa mchango wa hiari walipoingia, na idadi yao ikashuka sana. Mwaka 1996 kiingilio kikawa cha lazima, pauni 5. Novemba 2001, serikali ilipokubali kurudisha kodi ya ongezeko la thamani kwa makumbusho ya taifa yasiyotoza, kiingilio kilifutwa, na katika mwaka mmoja ziara ziliongezeka kwa zaidi ya maradufu. Namba hizo zinatosha kumjibu yeyote anayedai kwamba bei ndogo haimzuii mtu.

Ndani ya jengo nako kulikuwa na moto. Elizabeth Esteve-Coll, mwanamke wa kwanza kuyaongoza, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya sanaa kabla ya kuteuliwa mwaka 1987, alitaka kutenganisha utafiti na utunzaji wa vitu, na mwaka 1989 wataalamu waandamizi kadhaa waliondolewa kwa malipo ya kustaafu mapema. Wasomi wa nchi nyingi walipinga hadharani. Mageuzi mengine aliyodai yalikuwa ya lazima, kwa kuwa orodha za vitu zilikuwa na mapengo na maghala yalikuwa mabovu, lakini namna yalivyofanywa iliondoa ujuzi wa miaka mingi kwa majuma machache. Mwaka 2021, baada ya milango kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na zaidi ya nafasi 100 za kazi kuwa hatarini, uongozi ulipendekeza tena kuzivunja idara za malighafi na kuzipanga kwa zama. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mpango ulirekebishwa na idara za malighafi zikabaki. Uamuzi wa mwaka 1908 ulikuwa umewashinda wakurugenzi wa karne nzima.

Upande wa majengo, jaribio la kwanza la Bodi lilikwama. Nyongeza iliyochorwa na Daniel Libeskind mwaka 1996, yenye umbo la kuta zinazojipinda kwenda juu, iliachwa mwaka 2004 baada ya mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa kukataa kuichangia. Njia iliyofaulu ilikuwa ya polepole. Kuanzia mwaka 2001, chini ya mkurugenzi Mark Jones, ulianza mpango wa kukarabati ukumbi mmoja baada ya mwingine: kuondoa dari za bandia, kurudisha mwanga wa jua, kusoma upya kila kitu kabla ya kukirudisha. Kumbi za Uingereza zilifunguliwa mwaka 2001, ukumbi wa sanaa ya nchi za Kiislamu 2006, kumbi za Zama za Kati na Mwamko 2009. Fedha zilitoka kwa bahati nasibu, mifuko ya hisani na matajiri, ambao majina yao yaliandikwa ukutani. Ua mpya wa vigae vya kaure, uliofunguliwa mwaka 2017 pamoja na ukumbi mkubwa wa maonyesho chini ya ardhi, ulipewa jina la familia ya Sackler, wamiliki wa kampuni iliyouza dawa ya maumivu inayohusishwa na vifo vingi vya uraibu Marekani. Waandamanaji, wakiongozwa na mpiga picha Nan Goldin, walilala kwenye ua huo mwaka 2019. Jina liliondolewa mwaka 2022.

Mwaka huohuo yalifunguliwa maonyesho ya mitindo ya mavazi ya Afrika, yaliyowaleta wabunifu wa bara zima tangu miaka ya uhuru, na makumbusho yakaanza kununua kazi zao. Suala la vitu vilivyotekwa lilikuwa gumu zaidi. Sheria ya 1983 inairuhusu Bodi kuachia kitu kama tu ni nakala ya ziada, hakifai kwa mkusanyo au kimeharibika. Haina kifungu kuhusu kitu kilichoporwa. Tristram Hunt, mkurugenzi tangu 2017, alijitolea kuikopesha Ethiopia hazina za Maqdala kwa muda mrefu, na mwaka 2024 vito vya dhahabu vya Asante, vilivyotwaliwa katika vita vya karne ya 19, vilikwenda Kumasi, Ghana, kwa mkopo wa miaka mitatu pamoja na vya British Museum, vikaonyeshwa kwenye makumbusho ya jumba la Manhyia. Kumkopesha mtu mali yake si kumrudishia, na wadhamini wanaotaka kufanya zaidi hawawezi hadi Bunge libadili sheria.

Wakati huo taasisi ilikuwa imevuka South Kensington. Tawi la Bethnal Green, lililojengwa kwa vyuma vya lile banda la kwanza na kufunguliwa mwaka 1872, liligeuzwa kuwa makumbusho ya utoto mwaka 1974, na mwaka 2023 likafunguliwa upya kwa ajili ya watoto na vijana. Mjini Dundee, Scotland, jengo la Kengo Kuma lilifunguliwa Septemba 2018 kwa gharama ya takriban pauni milioni 80. Lina jina la makumbusho lakini huendeshwa na shirika lake lenyewe la hisani. Serikali ilipoamua mwaka 2015 kuiuza Blythe House, jengo la zamani la benki ya posta lililokuwa ghala, Bodi ilihamishia akiba yake mashariki mwa London, katika kituo cha habari cha Michezo ya Olimpiki ya 2012. Ghala hilo lilifunguliwa kwa umma tarehe 31 Mei 2025, likiwa na zaidi ya vitu 250,000, vitabu 350,000 na hifadhi za nyaraka 1,000. Mtu yeyote anaweza kuagiza vitu kadhaa mapema, bila ada na bila kueleza sababu, na mtumishi humwandalia mezani siku aliyoichagua.